Mbao za paina zenye dawa kwenye kuta za nje: mvua saba za Njombe

Watu wanaopita njia ya kwetu husimama getini na kuniuliza, "Shikamoo mama. Hii nyumba ya mbao haiozi?" Nawajibu kama ilivyo: upande mmoja ulioza, pande tatu ni nzima mpaka leo, na mbao zote zilitoka kiwanda kimoja, zikaja kwa lori moja, siku moja. Haya ninayaandika kwa ajili yao, na kwa wengine walioko Makete, Mufindi, Tukuyu au Lushoto, kwenye baridi na mvua ndefu kama yetu, wanaotaka kuvisha nyumba mbao na hawana wa kumuuliza.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Karibu miaka thelathini niliishi nyumba za watumishi, za tofali na saruji, na kila Juni na Julai kuta zilitoka jasho mpaka nguo za kabatini zikashika ukungu. Nilipopata kiinua mgongo nikajenga yangu nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenye kiwanja cha mteremko. Ina mita 9 kwa mita 6.5. Msingi ni wa mawe, juu yake fremu ya mbao za 2x4 (inchi 2 kwa inchi 4), ndani nimepiga mbao nyembamba za ulimi na mfereji, zinazoingiana ubavuni, na nje ndizo hizi 1x8 za kulaza, kila ubao ukiukalia mgongo ubao wa chini yake. Paa ni la pande nne, kwa hiyo hakuna pembetatu za kuziba juu.

Ndugu walinisihi sana. Kwetu mbao ni ya kenchi na papi za kubeba mabati, ya fishabodi ya ukingoni mwa paa, ya kibanda cha sokoni. Nyumba ya mtu mzima ni tofali la kuchoma. Shangazi yangu alitoka Lupembe akaja kuona fremu imesimama, akalia machozi, akasema nimewahudumia watu miaka yote hiyo ili nikazeekee kwenye kibanda. Nilimheshimu, lakini sikubadili mawazo. Tunaishi katikati ya miti ya kupandwa. Shamba la Sao Hill peke yake, hapo Mufindi, lina zaidi ya hekta 130,000, na huku Njombe hata mwenye ekari mbili ana mistari yake ya paina. Tofali la kuchoma nalo linakula miti, tena miti inayoishia kuwa moshi.

Kuhusu mti wenyewe. Nilipiga hesabu ya mninga na mkongo, nikaacha. Ni mbao bora sana, na kiini chake hakihitaji dawa, lakini bei ilinizidi, na miti ile hutoka misitu ya asili ambako hakuna aliyeipanda. Mlingoti, yaani mkaratusi, una nguvu, ila ukikauka unajisokota na kupasuka, nimeona milango. Saipresi niliipenda, ina harufu nzuri na moyo wake huvumilia wadudu kuliko paina, lakini miti niliyoonyeshwa ilikuwa michanga, karibu yote nyama nyeupe ya nje, moyo kidogo tu katikati. Nikabaki na paina. Hii yetu iliyoenea ni ile yenye asili ya Meksiko, Pinus patula, yenye majani marefu yanayoning'inia. Inakua haraka, ni nyepesi, haisumbui msumeno wala randa, na bila dawa haina kinga yoyote. Niliacha kipande kimoja kisicho na dawa nyuma ya choo cha mafundi. Baada ya miezi saba nilipokiinua nilibaki na ganda mkononi.

Sasa dawa. Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, na naomba msomaji atulie.

Duka la kwanza nililokwenda lilikuwa na mbao za kijani zilizopangwa vizuri kabisa. Nikauliza kama zimetiwa dawa. Kijana akanijibu, "Zimetiwa mama, si unaona zilivyo kijani?" Nikamwomba aukate ubao mmoja katikati, nitaulipia. Alinipa kipande cha mwisho wa ubao nikitazame. Nikamwambia hapana mwanangu, mwishoni dawa huingia kwa kichwa cha ubao, hainionyeshi kitu; nikatie katikati. Alipokata, kijani kilikuwa ngozi tu, unene wa ukucha, na ndani kote mweupe kama ulivyotoka kwenye mti. Zile mbao zilichovywa kwenye pipa. Ukizipiga msumari, ukizikata, zikipasuka kidogo juani, umefungua mlango, na mchwa na kuvu wanaingia kwenye nyama isiyo na dawa. Nililipa ubao wangu mmoja nikaondoka.

Kiwanda nilichonunua kina mtungi mrefu wa chuma. Mbao zinaingizwa kwa reli, mlango unafungwa, hewa inavutwa kwanza, kisha dawa inasukumwa ndani kwa presha. Walinikatia katikati bila kununa. Kijani kilikuwa kimeenda mpaka ndani, isipokuwa mstari mwembamba kwenye mbao mbili zilizokuwa na moyo wa mti, kwa sababu moyo wa paina haunywi dawa kirahisi. Zile mbili nilizirudisha, wakanibadilishia. Tofauti ya bei kati ya ubao wenye dawa na mtupu ilikuwa shilingi 2,500 wakati ule. Nilinunua mbao 140 za futi 12. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kuzunguka nyumba ni mita 31, kimo cha ukuta mita 2.6, ubao mmoja ukishapandana na mwenzake unaonyesha sentimita 15 na nusu, hivyo mistari 17. Nikatoa milango na madirisha, nikaongeza moja ya kumi kwa ajili ya vipande vitakavyopotea. Zilibaki mbao nne.

Kasoro ya kiwanda hicho ni vipimo. Inchi 8 zao ni za jina. Nilipima mbao kumi nikapata kati ya sentimita 19.4 na 19.8, wakati inchi 8 kamili ni sentimita 20.3. Waambie mapema kwamba utapima, na piga hesabu yako kwa upana halisi.

Lazima niseme pia dawa hiyo ni nini, maana mafundi wengi huishika kama maji. Ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu tunayoijua sisi wa hospitali. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na Ulaya ikaibana mwaka uliofuata. Kwetu bado ndiyo dawa tunayoipata, na kwa ukuta wa nje, ikishakauka na kushika ndani ya mbao, niliikubali kwa masharti. Fundi anavaa glavu na barakoa anapokata. Machujo yanakusanywa kwenye turubai, hayaachwi kwenye bustani ya mboga. Na vipande havichomwi kamwe, wala jikoni wala kuota moto, kwa kuwa aseniki hutoka na moshi na inayobaki hukaa kwenye majivu. Hili nililisimamia kwa ukali kuliko jambo lolote pale kazini, kwa sababu jirani mmoja alikuwa ameshawatuma watoto kuja kuokota kuni. Niliwapa kuni nyingine. Vipande vya dawa nilivitumia kuzungushia ngazi za mteremko, mbali na bustani.

Mbao zikifika kutoka kwenye mtungi zimelowa, na hapa nilimshukuru mzee mmoja wa kiwandani aliyenishauri bila kuombwa. Aliniambia, "Kamwene mama. Usizipige mpaka ziwe nyepesi mikononi mwako." Nilizipanga chini ya mabati, juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene wa inchi moja vilivyonyooka wima kutoka safu ya chini mpaka ya juu, na mawe mazito juu yake ili zisijipinde. Nilichukua ubao mmoja nikauwekea alama ya wino. Siku ya kwanza ulipima sentimita 19.7 kwa upana. Baada ya wiki saba za Julai na Agosti ulipima 19.1. Fikiria kama ningeupiga ukutani siku ya kwanza: kila mstari ungesinyaa zaidi ya nusu sentimita ukiwa umeshikwa na misumari, na ubao ulioshikwa huku unasinyaa hauna njia ila kupasuka.

Tuje kwa mafundi, na ukuta wa magharibi.

Fundi wa kwanza alikuwa hodari wa kenchi. Fremu yake ilinyooka, sina neno. Tulikubaliana kwa ukuta, kila ukuta na bei yake, na hilo lilikuwa kosa langu, maana mtu anayelipwa kwa ukuta anautazama mwisho wa ukuta. Alianza na magharibi, upande wa jiko. Juu ya nguzo za 2x4 akatandaza nailoni nyeusi nene, ile ya kuweka chini ya zege, akisema itazuia maji. Nilimwamini, ilisikika kama jambo la busara. Juu ya nailoni akapiga mbao moja kwa moja, misumari ya kawaida ya inchi 3, miwili kila nguzo, mmoja juu na mmoja chini, ule wa chini ukipita kwenye ubao wake na kuukamata wa chini pia. Vichwa vya mbao alivyokata hakuvipaka chochote. Siku nne, ukuta ukaisha, ukapendeza. Kisha akapata kazi kubwa Songea, akaniaga.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, mpole, anayeongea na mbao. Kabla ya kugusa kitu alizunguka nyumba, akasimama mbele ya ukuta wa magharibi, akagonga kwa kidole. "Mama, maji yakiingia hapa yatatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Akanishauri tuufungue tuanze upya. Hela ilikuwa imeisha. Nikamwambia amalizie pande tatu kwa namna yake, ule tutauona baadaye. Yeye nilimlipa kwa siku, na chakula cha mchana juu yangu.

Namna yake ilikuwa hii. Hakuweka nailoni. Juu ya kila nguzo alipiga papi nyembamba ya inchi moja, wima, yenye dawa, kisha mbao za nje zikapigwa kwenye papi. Hivyo nyuma ya mbao kuna nafasi ya sentimita 2.5 kutoka chini mpaka juu. Chini kabisa na juu chini ya fishabodi nafasi hiyo iko wazi, imezibwa kwa wavu wa chuma tu ili panya na nyigu wasiingie. Maji yakipenya yanateremka nyuma ya ubao na kudondoka nje, na hewa inapita mchana na usiku. Ukipata kile kitambaa cha ujenzi kinachozuia maji na kupitisha mvuke, kiweke nyuma ya papi. Mimi Njombe sikukipata.

Alitumia misumari ya zinki ya inchi 2 na nusu, kwa sababu shaba iliyo kwenye dawa inakula chuma kitupu. Msumari mmoja tu kwa kila papi, umepigwa juu kidogo ya mahali ubao unapoukalia wa chini, bila kuukamata ule wa chini. Kila ubao umeshikwa mahali pamoja na uko huru kutanuka Februari na kusinyaa Septemba. Karibu na vichwa alitoboa kwanza kwa keekee ndipo akapiga. Kila alipokata, kijana wake alisimama na kopo la dawa ya kupaka na brashi, akapaka kichwa kile mikono miwili, yaani mara mbili, kabla ubao haujapanda ukutani. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda. Alichukua kipande kikavu, akadondosha maji ubavuni, yakakaa. Akadondosha kichwani, yakazama tukiyaangalia. "Mti ulikuwa unanywa kwa huku," akasema. Sijawahi kusahau.

Mambo mengine mawili yake. Uso uliotoka kwenye msumeno, usiorandwa, aliuweka nje, kwa kuwa unashika mafuta zaidi. Uliorandwa ukaenda ndani. Na ubao wa kwanza kabisa aliuanzisha sentimita 40 juu ya ardhi, mawe ya msingi yakabaki wazi. Matone ya mvua yakipiga udongo yanaruka, na mchwa wakitaka kupanda lazima wajenge njia yao ya udongo juu ya jiwe, mahali ambapo naiona nikifagia. Mpaka leo nimevunja njia hizo mara tatu.

Ukuta wa magharibi ulianza kuniambia mwaka wa pili. Kwanza machozi meusi chini ya kila msumari. Kisha mbao zikapasuka katikati, mpasuko mrefu kutoka msumari wa juu kwenda wa chini, nikahesabu kumi na moja kati ya thelathini. Mwaka wa tatu jikoni kukawa na harufu, ile ya gunia la mahindi lililolowa. Nilisugua, nikapaka chokaa kwenye pembe, nikafungua madirisha. Mwaka 2022, mvua zilipokatika mwezi wa tano, nilimwita fundi wa pili tukaufungua.

Mbao za nje hazikuoza, hata moja. Dawa ilifanya kazi yake. Zilikuwa zimepasuka na kujipinda, lakini ukizikata ni ngumu na za kijani. Kilichooza ni nguzo za 2x4 nyuma ya nailoni, zile zisizo na dawa. Nilisukuma kidole gumba kwenye nguzo ya pili kutoka pembeni kikaingia mpaka kwenye kifundo. Nailoni yenyewe upande wa ndani ilikuwa na matone yanayoning'inia, siku ya tisa bila mvua. Hapo nikaelewa. Mvuke wa sufuria na wa pumzi zetu ulikuwa unapenya mbao za ndani, unakutana na nailoni iliyopoa kwa baridi ya usiku, unageuka maji kama yanavyotokea kwenye chupa ya soda ya baridi, na hayana pa kwenda. Nguzo zinakaa zimelowa kutwa kucha. Kwenye kiwanja changu mvua huja na upepo wa upande wa mashariki, kwa hiyo magharibi ndio ukuta unaopigwa na mvua kidogo kuliko yote. Maji mengi yaliyoozesha nguzo hayakutoka nje.

Ili nisiseme bila ushahidi, tulifungua mbao tatu za ukuta wa mashariki. Nguzo ni zilezile, paina ileile isiyo na dawa, mwaka uleule. Zilikuwa kavu, rangi ya mkate. Fundi alipiga kwa nyundo zikalia.

Tulibadilisha nguzo nne, nailoni ikaondoka, papi zikaingia, mbao zilizopasuka zikatolewa, nilizobakiza stoo zikatumika na nyingine saba nikaongeza. Kazi ya siku tisa na mafundi wawili. Gharama yake ilizidi ile ya kujenga ukuta wenyewe mara ya kwanza, na kama ningemsikiliza yule fundi wa pili 2018 ningelipa siku mbili tu za kuubomoa.

Kuhusu kupaka. Duka la rangi lilinishauri vanishi ya kung'aa, isiyo na rangi. Niliipaka ukuta wa mashariki, na kwa miezi michache wageni walipiga picha mbele yake. Jua la asubuhi likaikausha, ikapasuka kama ngozi ya kisigino, maji yakaingia chini yake na kubaki. Baada ya miezi 14 nilikuwa nakwangua kwa msasa, na kukwangua mbao zenye dawa hii si kazi ya kumpa mtu asiye na barakoa. Vanishi ni ya ndani, ya meza na kabati. Sitaipaka tena nje.

Majirani walinishauri oili chafu ya gari, na najua nyumba nyingi, mazizi mengi, yamepakwa hiyo. Naomba msiipake nyumba mnayoishi. Imebeba metali za injini na mabaki ya mafuta yaliyoungua, haikauki vizuri, inashika vumbi, inachafua mikono ya watoto, na mvua inaipeleka kwenye kisima chenu.

Ninachotumia sasa ni mafuta ya mbao ya kuzama, yenye rangi ya kahawia, yaliyotengenezwa kwa linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) na kuwekewa dawa ya ukungu. Rangi ile ndiyo inayozuia jua kuichoma mbao. Mafuta matupu yasiyo na rangi hayazuii sana, na linsidi tupu ilinifuga ukungu mweusi upande wa kusini. Lita 20 zilitosha nyumba nzima mikono miwili mara ya kwanza. Zikichakaa hazibanduki, zinafifia tu, na kurudia ni kuosha na kupaka. Jambo moja la hatari: matambara yenye linsidi usiyakunje ukayatupa pembeni. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Mimi huyaloweka kwenye ndoo ya maji, kisha huyaanika yametandazwa juu ya mawe, mbali na nyumba.

Matunzo yangu kwa mwaka si mengi. Mwezi wa sita, mvua zikiisha, naosha kwa brashi laini, maji na sabuni, nikianzia chini kwenda juu ili uchafu usiache michirizi, kisha nasuuza. Mashine ya kuoshea magari mwanangu aliileta siku moja nikamzuia. Inasukuma maji chini ya mapandano na kuchana nyuzi za mbao. Nikiosha ndipo nakagua: vichwa vya mbao, chini ya madirisha, wavu wa chini. Nyasi na maua hayaruhusiwi kugusa ukuta. Nilikuwa na waridi zuri pembeni ya dirisha la chumbani, nikalihamisha, kwa sababu ubao nyuma yake haukukauka mpaka saa nane mchana. Mashariki na magharibi, zinazopata jua la asubuhi na la jioni, napaka kila baada ya miaka miwili. Kaskazini na kusini zinasubiri miaka minne.

Mkinibana nitoe alama: mbao za kiwanda kile nazipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa vipimo vyao. Vanishi ya nje, 2. Mafuta ya kuzama, 8. Fundi wa pili nampa 10, na sijawahi kumpa mtu yeyote 10 kwenye tathmini. Fundi wa kwanza simpi alama kwa ukuta ule, maana alifanya alichofundishwa, na fremu yake bado imenyooka.

Shangazi alirudi mwaka jana wakati wa baridi. Alikaa wiki tatu. Asubuhi alikuwa anabeba kigoda chake mwenyewe mpaka ukuta wa mashariki, anaegemeza mgongo kwenye mbao zilizoota jua, na kumenyea maharage hapohapo. Mwezi wa kumi ni zamu ya ukuta huo kupakwa. Lita sita ziko stoo, brashi nimeshaziosha, na fundi amesema atakuja na kijana wake wiki ya pili, kabla mvua hazijaanza.